Hodi ya Mama

Nilipofika kwa mwanasaikolojia, kule Bigwa, nilishindwa kubisha hodi. Dada wa watu ana chumba chake cha kazi uani kwake, na mlango huwa umefungwa. Nilisimama nje, nikaishia kumtumia ujumbe wa simu kwamba niko mlangoni. Akatoka, akanipa shikamoo. Moyoni nikasema, huyu mtoto atanisaidia nini mie?

Nilichagua kiti kinachotazamana na mlango. Aliniuliza kilichonileta. Nikamtajia usingizi, nikamtajia presha, hata magoti nikayatia humo. Alisikiliza tu. Nikajikuta naropoka lile lenyewe.

Mwezi uliopita mama yangu aliteremka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, akabisha hodi kwangu, Mlali. Akabisha mpaka sauti ikamkauka. Nami nilikuwa ndani, nimejibanza nyuma ya kabati, nimeng'ata kanga, na sauti ya mama naijua fika. Akaziacha ndizi kizingitini, akarudi zake. Tangu siku hiyo nikimpigia simu ananijibu kwa mkato, na mimi mama ndiye niliyebaki naye.

"Hodi ina nini?" dada yule akauliza.

Nikamweleza. Ilikuwa kabla ya mama kuja na ndizi, mchana kweupe, nachambua mchele, sauti ya kistaarabu ikabisha hodi. Nikaitikia bila hata kuinua macho: karibu, pita ndani. Wakapita wanaume watatu. Mmoja aliniwekea panga shingoni mpaka wenzake walipomaliza kubeba vitu.

"Niliwakaribisha mwenyewe," nilisema.

"Uliitikia hodi, mama. Nani Mlali asingeitikia?"

Nilitaka kumkasirikia, nikalia. Hakunilazimisha kujifunza kuitikia tena. Aliuliza tu mama yangu angeweza kunijulisha vipi kwamba ni yeye. Niliondoka na hofu yangu ileile, na kichwa kinaniuma juu yake.

Jioni nilimpigia mama, nikamwomba akija asibishe hodi. Akachukia. Yeye ni kuku, aingie kwa watu kimyakimya? Basi ikabidi nimwambie. Siku zote alijua wezi waliiba televisheni nikiwa sipo. Nikamwambia nilikuwepo, nikamwambia na habari ya panga. Nikasikia simu imekatwa. Usiku ule niliogopa kwamba sasa nimemkosa kabisa.

Ijumaa mchana nikasikia ndala zinaburuzwa uani. Zikasimama mlangoni. Miguu ikanipeleka yenyewe nyuma ya kabati. Nikaziba masikio, lakini si sana, nikaisubiri hodi.

"Ni mimi mama yako," sauti ikasema. "Niko peke yangu. Nakaa hapa nje, wewe usiwe na haraka."

Nikamsikia akikaa chini na kuguna kwa sababu ya mgongo wake. Nilikawia sana kutoka pale nyuma. Komeo likanishinda mara mbili. Nilipofungua, mama hakugeuka. Alikuwa ameupa mlango mgongo, fimbo yake ya kupandia mlima iko magotini, anaitazama njia ya kuingilia kwangu.