Pafu Moja la Tonton Alphonse

Ile asubuhi ya bandarini haijanitoka kichwani, mwanangu, na nimefanya mengi tangu hapo. Niliacha shule darasa la tatu, na leo boti zangu mbili zinajulikana mpaka Isangi. Hakuna aliyenishika mkono. Labda Tonton Alphonse, lakini hayo yanakuja.

Alikuwa mdogo wa baba. Ndiye alinifundisha kusimama juu ya miti iliyosimikwa kwenye maporomoko ya Wagenia na kufunga migono, vile vikapu vikubwa vya kunasia samaki. Nafasi yake kwenye maji ilikuwa nzuri kuliko zote. Kwetu nafasi hiyo haiuzwi. Mwenyewe akifa, ndugu anaishika.

Miaka ile ya hamsini, mji wetu ukiitwa bado Stanleyville, tonton akaanza kukohoa damu. Daktari Mzungu alituita. Ni kansa ya pafu, alisema, imekomaa, imeshika mpaka mbavu. Kule Léo, mji mkuu, yuko mpasuaji anayeweza kuondoa pafu hilo pamoja na mbavu zilizoguswa. Wengi wa namna hii hawaishi sana hata wakipasuliwa. Wachache wanaishi miaka. Yeye yuko upande gani, daktari hakujua.

Mimi nilisikia neno moja tu: wengi. Meli iliyompeleka tonton kwa mpasuaji haijafika hata nusu ya safari, nilikuwa nimeshatoa migono yake na kufunga yangu. Nilijiona mwerevu, nimewawahi binamu zangu.

Miezi minne ikapita. Meli ikafika, na tonton akashuka mwenyewe, bega moja limelala, anapumzika kila hatua chache. Habari ya migono alikuwa ameshapewa.

“Eh, mutoto! Umenizika bila sanduku?”

“Tonton, docteur alisema…”

“Alisema wengi wanakufa. Alitaja jina yangu?”

Wachukuzi wakacheka. Sikujua niweke wapi uso.

“Bon,” akasema. “Mwenzangu wa kitanda cha pembeni, kisu ile ile, alikufa wiki ya pili. Mimi niko hapa. Nguvu ya kupanda miti sina tena. Utapanda weye, lakini nafasi iko yangu. Samaki ya kwanza utaniletea.”

Nilimletea, kila siku. Alikaa juu ya jiwe akisuka migono na kunitukana nikifunga vibaya. Miaka ikaenda. Uhuru ulimkuta hai, akapiga kelele kuliko wenye mapafu mawili. Mwaka uliofuata, alipoona amechoka kweli, alinishika mkono akasema: “Sasa funga yako.”

Basi mwanangu, mgonjwa wako akienda kupasuliwa, msikilize daktari mpaka neno la mwisho. Usimwahidi mgonjwa kwamba atapona. Yule wa kitanda cha pembeni naye alikuwa na ndugu waliomngoja. Lakini usiguse nafasi ya mtu maadamu anapumua, hata kama anapumulia pafu moja.

Mungu akupe kifua kizima. Na siku utakayochelewa kurudi, akupe watu ambao hawajaondoa migono yako majini.