Jino la Evelina

Mwanangu, ukinisikiliza vizuri nitakupeleka kijijini kwetu Kasekese, miaka ya tisini, siku daktari wa meno alipokuja shuleni kwetu. Tulipanga mstari mbele ya ofisi, tukapanua vinywa mmoja mmoja, naye akachungulia kwa kioo chake kidogo chenye mpini.

Alipomaliza akatuambia kuwa huko Ulaya alikosomea, watoto wa shule walikuwa na meno mabovu kuliko yetu, maana peremende na soda walikula na kunywa kila siku. Akaongeza kwamba wenzetu sasa wanapiga mswaki na kupimwa, na kwao tatizo linapungua. Kwetu ndiyo kwanza linaanza. Hayo ya mwisho nani aliyajali? Tulirudi nyumbani tukiimba kuwa tumewashinda Wazungu.

Baba alifurahi kuliko sisi. Alikuwa ameingia nchi hii akiwa kijana, mkimbizi kutoka Burundi, na si mara nyingi alisikia cha kwake kikisifiwa. Aliwasimulia majirani mpaka uji wake ukapoa.

Mdogo wangu Evelina, wa darasa la nne, hakupimwa. Siku ile alibaki nyumbani na homa. Baadaye jino likaanza kumsumbua. Baba akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, meno ya watoto wa hapa hayaozi. Evelina alikuwa mtoto wa kunyamaza. Akawa anatafunia upande mmoja, kisha akawa anaacha ugali, mwisho shavu likavimba mpaka jicho likafumbika.

Ndipo akaja shangazi yetu, dada yake baba, ambaye kwa Kirundi tulimwita Masenge. Hakukaa hata kwenye kigoda alichopewa.

"Huyu mtoto mmemtazama kweli nyie?" aliuliza.

"Daktari mwenyewe alisema watoto wa hapa wana meno mazuri," baba akajibu.

"Alisema watoto. Huyu ni Evelina. Hatafuni kwa meno ya wenzake."

Baba aliinuka. Kisha akachukua tochi, akapiga magoti, akamwomba Evelina afungue mdomo. Akamulika ndani, akaliona jino lililooza.

Kulipokucha baba na Evelina walipanda lori la mahindi kwenda hospitali ya Mpanda. Jino liling'olewa, usaha ukatolewa, na Evelina akalazwa, maana ugonjwa ulishaanza kushuka shingoni. Aliporudi alikuwa amekonda, ila anacheka, na pengo lake linaonekana. Baba alikuwa amepitia sokoni Kashaulili, pale pale Mpanda, akanunua miswaki, kila mtu wake, na wa kwake pia. Tangu hapo kila Jumapili kabla ya kanisa alituketisha uani, akatutazama vinywa mmoja mmoja. Ninatamani hata leo kusikia sauti yake ikisema, "Panua zaidi, mwanangu."

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia redioni kwamba watoto wa nchi yetu wana afya kuliko wa nchi fulani, furahi, ni habari njema. Kisha ugeuke umtazame aliye mezani pako, hasa yule asiyesema. Uzima wa wengi haumpunguzii mgonjwa mmoja maumivu yake.

Mungu akutunze. Akupe watu watakaogundua mapema unapoacha chakula, na akufikishe uzeeni ukitafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yako mwenyewe.