Siku Nilipopokelewa Kibumba kwa Vigelegele

Kiburi cha mtu anayeona haya kueleza shughuli yake mlangoni: hilo ndilo kosa langu, na naliungama mapema, maana Kibumba yote inalijua na Goma imeshaanza kucheka.

Mimi ni katibu wa mfuko mdogo unaowahudumia wafanyakazi wa bohari yetu ya kahawa wanapoumia kazini. Bahati, mpakiaji wetu, aligongwa na lori la kabichi akiwa kazini, mguu ukavunjika. Mfuko ukalipia matibabu hadi ukabaki mtupu, na upasuaji wa pili ukategemea jambo moja tu: dereva Muhindo, ambaye polisi walimwandika kuwa mwenye makosa, atie saini tamko la ajali ili bima ya lori iturudishie fedha. Barua tatu hakuzijibu. Basi nikavaa suti (ile nyeusi, ya mazishi), nikatia ya nne, pamoja na hilo tamko, katika bahasha kubwa nyeupe, nikapanda pikipiki hadi Kibumba.

Kwa Muhindo nilikuta maturubai na umati.

"Papa, munatoka Goma?" akauliza bwana mmoja langoni. "Na enveloppe muko nayo?"

"Ninayo," nikajibu, nikiinua bahasha yangu na kuona haifai kumfafanulia mtu wa langoni mambo ya sheria.

Vigelegele vikalipuka! Nikakalishwa mbele, nikapewa soda na paja la kuku, mama mmoja akanipangusa vumbi viatuni, nami (mjinga mimi!) nikajisemea kwamba hatimaye nimepata jamaa inayoheshimu sheria.

Kumbe ilikuwa siku ya mahari ya binti wa Muhindo, na kwa desturi msemaji wa upande wa mume huleta barua katika bahasha, nayo hufunguliwa na kusomwa mbele ya wote. Mzee wao akaifungua, akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Tunadai kwa ajili ya mguu uliovunjika…"

"Muguu ya nani?" akaruka bibi mmoja. "Mutoto wetu eko na miguu yake yote mbili! Neema, simama baone!"

Neema akasimama, akainua kitenge hadi magotini, na papo hapo wakaingia wakwe wa kweli, wakiimba, na mbuzi wao, wakamkuta mchumba anakaguliwa miguu mbele ya mwanamume mgeni anayetafuna kuku.

Muhindo akaninyang'anya barua. "Unaniletea deni mbele ya bakwe? Nitaipasula!"

Nikaanza kutaja vifungu vya sheria kwa Kifaransa; nikazomewa. Ndipo yule mama aliyenipangusa viatu, dada yake Muhindo, akanikatiza: "Papa, acha Kifaransa. Atalipa yeye ao asiransi?"

"Bima, mama. Yeye hatoi hata faranga."

"Na mulimuambia ile?"

Nilikuwa nimemwambia: ukurasa wa tatu wa barua, katika sentensi ambayo mimi mwenyewe huisoma mara mbili.

Akamgeukia nduguye. "Kaka, sasa unakatala nini? Tia saini, bageni banangoja!"

Muhindo akalitia tamko saini juu ya kreti ya soda, wakwe wakishangilia wasichokijua.

Tangu hapo sivuki kizingiti cha mtu kabla sijataja jina langu na haja yangu, hata nikienda kununua chumvi. Heshima yangu ilibaki Kibumba; lakini Bahati amepasuliwa, anatembea, na anayestahili shukrani ni mwanamke aliyenipangusa viatu, ambaye sikuona hata haja ya kumsalimu: Mama Sifa.