Mtaro Tuliougeuza kwa Ajili ya Kamera

Kwa nini mwanamke aliyechimba mitaro ya shamba zaidi ya miaka thelathini amsikilize msichana wa kidato cha tatu ambaye kilimo chake chote ni kitalu cha sukumawiki nyuma ya bweni? Nilijiuliza swali hilo mara nyingi mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, na sikupata jibu. Msichana mwenyewe nilikuwa mimi.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa upande wa Kanyangi. Kamera ya video ililetwa na mwalimu wetu wa jiografia, ambaye alipewa na waumini fulani waliokuwa wamenunua nyingine mpya. Ilikuwa nzito kama mtoto wa miezi sita, na tuliibeba begani kwa woga uleule. Betri yake haikufika nusu saa. Alasiri za Alhamisi, wengine wakishona vitambaa vya meza katika somo la sayansi kimu, sisi sita tulijifunza kuishika, kuiwasha na kutoisemesha, maana ilinasa kila neno.

Mwalimu alitupa kazi moja: filamu ya dakika kumi kuhusu kuhifadhi udongo, ya kuonyeshwa siku ya wazazi. Mimi akanifanya mwelekezi.

"Wewe unapenda kuuliza maswali na kuamuru watu," alisema. "Sasa utafanya hivyo kwa ruhusa."

Kamera ilishikwa na rafiki yangu wa bwenini, msichana mkimya ambaye mikono yake haikutetemeka hata akicheka.

Jumamosi moja ya Septemba mwalimu alitupeleka kwenye shamba la mama mmoja mjane, mlimani, mwendo wa saa moja kutoka shuleni. Siku hiyo mwethya ulikuwa kwake. Mwethya ni kikundi cha akina mama wanaolimiana: leo wote kwako, wiki ijayo wote kwangu, mpaka mzunguko uishe. Kila mtu ana zamu yake, na ikishapita hairudi hadi wenzake wote wamalize. Zamu ya mjane yule ilikuwa Jumamosi hiyo na Jumatatu iliyofuata, na mzunguko ungerudi kwake baada ya mvua ya Novemba. Mteremko wake ulikuwa mkali, na mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imeshusha mbegu zake zote mpaka mtoni.

Tulipofika, mwalimu aligundua kuwa amesahau kanda ya pili akarudi shuleni kuichukua. Tukabaki peke yetu na akina mama kama ishirini, majembe, mabeleshi na wimbo.

Walichimba kwa njia inayoitwa fanya juu, ambayo kila mtoto wa Ukambani anaijua. Unachimba mtaro kukatiza mteremko, na udongo unaurusha upande wa juu, uwe ukuta. Mvua ikishuka na udongo wa shamba, ukuta unauzuia, na baada ya miaka kadhaa shamba linajisawazisha lenyewe. Lakini ili urushe juu, lazima uelekee juu. Na sisi tulikuwa tumesimama chini, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mahali tambarare pa kuweka kamera.

Rafiki yangu alitazama kwenye kioo kidogo cha kamera kwa muda.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Makalio."

"Makalio tu?"

"Ishirini. Yote yanafanya kazi vizuri."

Nikawaza siku ya wazazi, mwalimu mkuu amekaa mstari wa mbele na mchungaji kando yake. Nikapanda hadi kwa mwenyekiti wa mwethya, mama mrefu aliyefunga leso ya kijani kichwani.

"Mwaitu," nikamwambia, nikimwita mama kwa heshima kama tunavyoita kwetu, "naomba mgeuke. Mtazame chini, huku kwa kamera, na udongo mrushe huku chini."

Aliegemea jembe. "Udongo uende chini?"

"Ndiyo."

"Mwalimu wenu anajua?"

Mwalimu alijua kwamba tunapiga picha. Hilo ndilo nililojibu kichwani mwangu. Mdomoni lilitoka neno moja: "Anajua."

Walizungumza kidogo wao kwa wao. Mwenye shamba alipinga; nilimwona akionyesha mteremko kwa kidole. Mwenyekiti akanitazama mimi, akaitazama kamera, akasema jambo, na wote wakageuka. Jua liliwapiga usoni. Meno, jasho, wimbo, udongo ukiruka kuja kwetu: ilipendeza mno. Rafiki yangu alipiga picha mpaka taa nyekundu ya betri ikazima. Mwalimu alirudi akatukuta njiani, tumekwisha kufungasha, akasikitikia safari yake ya bure, tukashuka kula muthokoi wetu wa Jumamosi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Haikunijia hata kidogo kuwaambia akina mama wageuke tena.

Siku ya wazazi iliangukia Oktoba. Tulifunika madirisha ya bwalo kwa mablanketi, jenereta ikanguruma nje, na televisheni ikawekwa juu ya meza mbili zilizopandanishwa; hata mwalimu alikuwa hajaiona kanda yetu. Akina mama wa mwethya walialikwa, wakaja na nguo za kanisani. Walipojiona, bwalo lilipasuka kwa kicheko.

"Angalia huyu anavyopumzika."

"Sipumziki, napumua."

"Unapumua wimbo mzima?"

Kanda ilipoisha, mjane mwenye shamba alisimama. Hakuwa anacheka.

"Mwalimu," alisema, "mimi na wenzangu tumemaliza mitaro mitatu kwa hii njia yenu mpya. Mimi nina wasiwasi nayo. Lakini mmesoma, na mvua i karibu, tutaona."

Mwalimu aligeuka polepole kutafuta uso wangu katika lile giza la mablanketi, na hakuhangaika sana kuupata.

Niliitwa mbele. Nilisema ukweli kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu: hakukuwa na njia mpya, nilitaka tu nyuso.

"Nyuso?" mjane akauliza.

"Tuone nyuso zenu, mwaitu. Mlikuwa mmetupa mgongo."

"Kwa hivyo shamba langu limepinduliwa ili watu waone meno yangu."

Watu walicheka tena, mimi sikuweza. Yeye pia alitabasamu mwishowe, lakini aliuliza mara moja swali lililobaki: nani atarudisha udongo juu? Mwenyekiti alieleza, kwa huruma lakini bila kuyumba, kwamba zamu imekwisha. Mwethya sasa ulikuwa kwa mwanamke mwingine, na akipewa mmoja zamu mbili, kesho watadai wote.

Mwalimu mkuu alitoa siku mbili. Jumatatu darasa letu lote, wasichana arubaini, lilipanda mlima na majembe ya shule. Ukidhani kuchimba ni kazi, jaribu kuhamisha udongo uliokwisha kuchimbwa kutoka chini ya mtaro hadi juu yake. Wenzangu walinitukana kwa utaratibu, kila mmoja akipokezana kama wanaoimba. Mjane alitembea ukingoni na fimbo, akigusa pale palipolegea.

"Hapa. Hapa pia. Wewe mwenye filamu, hapa."

Rafiki yangu aliuliza kama anaweza kuja kesho na kamera, apige picha ya marekebisho.

"Ukiileta," mjane akamjibu, "nakupa jembe la pili."

Jumanne jioni tulimaliza mtaro wa tatu tukiwa tumechoka, na uchovu ulionekana kwenye ukuta wake. Mvua ilipokuja, wiki ya pili ya Novemba, ilivunja ukuta wa huo wa tatu kwenye kona moja. Ile miwili ilishika. Tulipanda kwenda kuona, mimi nikiwa mbele nikikimbia. Maji yalikuwa yamesimama nyuma ya ukuta, mekundu, yakinywewa taratibu na ardhi, na mbegu zake za mbaazi na kunde zilikuwa pale alipozipanda. Mjane alikuwa akiziba ile kona kwa mawe. Nikashika mawe nikamsaidia, kisha nikamuuliza kwa nini walikubali, ilhali walijua kuliko mimi.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua ni maji. "Mlikuja na kamera," alisema.

Niliona halikuwa jibu, nikaliacha hivyo. Miaka baadaye nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikimsaidia mama yangu kupanga bidhaa dukani kwake Malili, nilipomsimulia kisa hiki ili acheke. Hakucheka. Aliniambia kwamba filamu ya kwanza ambayo watu wa rika lake na la yule mjane waliiona ililetwa na gari la serikali ya wakoloni, ikaonyeshwa kwenye kitambaa cheupe uwanjani: mtu akichimba mtaro. Wiki iliyofuata chifu alipita na askari shamba kwa shamba, na waliokamatwa ni wale ambao hawakuwa wamechimba kama yule mtu wa kwenye kitambaa.