Mnyamwezi Aliyeombwa Abebe Ndege Kichwani

Mdogo wangu Eliya, aliyezaliwa nyuma yangu hapa hapa Kigwa karibu na stesheni, alikuwa na rafiki mmoja wa kufa na kuzikana, na rafiki huyo ni mzungu wa Ukraine. Nasema alikuwa. Rafiki yupo hai, na Eliya yupo hai, sasa hivi yuko hapo nje anachonga mpini wa jembe. Kilichokwisha ni kule kuitana.

Naandika habari hizi kwa sababu watu wanazisimulia ovyo. Wako wanaosema Eliya alimtukana mzungu wa watu. Wako wanaosema aliahidiwa mali ikamponyoka. Uongo mtupu. Mimi ndiye dada yake, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la Wamoraviani wa zamani, siyo haya ya siku hizi mtoto anatoka na cheti hajui kuandika salamu.

Eliya aliingia jeshini kijana, wakamweka upande wa ndege. Siyo rubani. Fundi, wale wanaolala chini ya tumbo la ndege na spana mkononi. Jeshi likampeleka Urusi, ile ya zamani iliyokuwa kubwa, kwenye mji ambao leo uko Ukraine, akajifunze injini. Mama alimfungia matobolwa, viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, akidhani huko watu hawali.

Huko akapangiwa chumba kimoja na kijana anaitwa Mikola, naye mwanafunzi wa ufundi. Siku ya kwanza Eliya kafika kachoka, koo limekauka, lugha hajui, akaomba maji kwa ishara. Mikola akachukua jagi akalificha mgongoni, akamwonyesha kwa mikono: imba kwanza. Basi Eliya akasimama na koti lake, akaimba wimbo wa kanisani ubeti mzima, ndipo akapewa maji. Akacheka mpaka akakaa chini. Akamwambia kwa Kiswahili, "Nimeshakujua. Wewe Mgogo."

Kwa asiye wa huku nieleze. Babu zetu Wanyamwezi walibeba meno ya tembo vichwani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na njia ilipita Ugogo, nchi kavu. Wagogo walikuwa wamekaa juu ya visima vyao: hupiti wala hunywi mpaka utoe kitu. Wakagombana, wakachoshana, mwisho wakawa watani. Mpaka leo Mnyamwezi akikutana na Mgogo anaweza kumvua kofia barabarani akaenda nayo, na kesi hakuna. Na Mgogo akifiwa, Mnyamwezi ndiye wa kutangulia msibani. Atavaa viatu vya marehemu na kutembea kwa mwendo wake, atamwambia mjane, "Huyu kakimbia palizi tu, mvua zikikatika utamwona." Watu watacheka na machozi yanawatoka. Kazi hiyo ndugu hawezi kuifanya, jirani hawezi, ni ya mtani. Na kuanzia Goweko mpaka Tabora mjini hapakuwa na mtu aliyeiweza kumshinda Eliya. Wagogo wa reli walikuwa wakimfuata kwa baiskeli kabla hawajamfuata mchungaji.

Basi Mikola akawa Mgogo. Eliya alipojua Kirusi alimsimulia habari za njia na visima, na yule kijana akaupenda utani kama aliyezaliwa nao. Alimwibia kofia. Alimwita mpagazi mbele ya walimu. Walipoagana, Mikola alimwambia, "Ukifika kwenu uwasalimie tembo, waambie wapumzike."

Miaka ikapita mingi bila habari. Eliya akastaafu, akarudi Kigwa kulima. Ni mtoto wa kaka yetu, Martha, mwenye duka la simu Tabora mjini, aliyemtafuta Mikola kwenye mtandao na kumpata, kawa mzee mwenye upara. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada walipigiana. Eliya akiweka simu kwenye sauti ya nje, naye ananitafsiria, hata kama sijauliza.

"Mpagazi! Hujafa?"

"Nife niwaachie nyie maji? Sifi."

Nilizoea sauti ya yule mzungu kama ya ndugu. Akinisikia nakohoa husema, "Huyo dada yako bado anakutawala?" Eliya humjibu, "Ananitawala, na wewe ungekuwa hapa angekutawala."

Kisha vita ikawafika. Mikola alikataa kuhama. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Andri, aliyempata utu uzima umeshaingia, na mtoto huyo ni rubani wa ndege za vita. Ndege zao zilikuwa za Kirusi, zimezeeka, na adui anazo nyingi zaidi. Nchi rafiki zao zikasema tutawapa zetu. Zikasema leo, zikasema kesho. Hapo kila Jumapili ikawa habari ni hiyo moja.

"Zimekuja?" Eliya anauliza.

"Bado. Hebu beba moja kichwani ulete. Babu zako si walibeba meno ya tembo?"

"Nitaleta. Ila nikifika mtaniwekea kizuizi kisimani."

"Wewe lete. Maji nitakupa bila kuimba."

Akikata simu, Eliya hacheki tena. Anakaa na ile simu mapajani. Siku moja aliniambia, "Dada, ndege ya kupewa siyo koti la mtumba kwamba unavaa tu. Ina spana zake na mafundi wake. Na rubani aliyezoea moja, kwenye nyingine anaanza kama mtoto anayejifunza kutembea. Yule kijana wataenda kumfundisha haraka haraka." Nikamwambia asimwambie Mikola hayo. Akasema hana mpango wa kumwambia, Mikola naye ni fundi.

Zikaja. Andri akapelekwa kujifunza, akarudi, akapewa moja. Mikola siku hiyo alipiga siyo Jumapili, akawa anapiga kelele kwenye simu mpaka kuku wakatawanyika. Eliya akachinja jogoo. Jumapili akasimama kanisani na kutoa sadaka ya shukrani, akasema wazi kabisa kwamba anamshukuru Mungu kwa ndege alizopewa rafiki yake.

Tulipotoka nje Marsiana akamngoja. Marsiana ni mke wa mzee wa kanisa, wazazi wake walitoka Burundi, yeye kaja huku kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu akiwa ameolewa. Ni mtu mpole. Akamwambia, "Shikamoo, mzee Eliya."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nimeshindwa kuitikia amina yako. Unisamehe. Mama yangu alinibeba mgongoni tukikimbia, na ndege iko juu. Sisi wa chini hatukuuliza ni ya rafiki wa nani."

Eliya akamwambia, "Hii haiendi kuua watu wa chini, mama. Inawakinga." Marsiana akatikisa kichwa, siyo kwa kukubali, akaaga. Njiani nilitazama chini, kwa sababu mimi nilikuwa nimeitikia amina.

Sikumbuki ilikuwa kiangazi au mvua zimeshaanza. Nakumbuka nilikuwa nabangua karanga. Mikola akapiga. Sauti ilikuwa ndogo, maneno machache, na Eliya hakunitafsiria. Alisema neno moja la Kirusi, kisha simu ikakatika kwa upande wa kule. Akaniambia, "Andri kaanguka na ndege. Amekufa."

Nikaacha karanga. Nikaanza kulia, maana ni mtoto niliyemjua kwa kusikia. Eliya hakulia. Alisimama, akaenda ndani, akavaa koti lake la misibani na viatu. Nikadhani anakwenda kwa mchungaji. Kumbe alikuwa anajiandaa. Kwake yeye alikuwa amefika kwenye msiba wa Mgogo, na yeye ndiye mtani, na watu wanamngoja.

Akampigia. Alisimama uani wima kabisa, akapaza ile sauti yake ninayoijua, ya kufungulia vicheko, kwa Kirusi. Baadaye alinieleza alichosema, na nakiandika kama alivyonieleza. Alisema, "Mgogo we! Mwanao kaondoka na ndege ya watu! Kaazimwa juzi tu, leo kakimbia nayo! Sasa wenye ndege wakija kisimani kwako utawaambia nini? Mimi nilisema msimpe Mgogo chombo cha watu!" Akacheka, ha ha ha, vile inavyotakiwa. Na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola. Mimi niliyaona. Mikola hakuyaona.

Akanyamaza, akingoja. Kwetu hapo ndipo mfiwa anacheka, au anatukana, au anarusha kiatu, chochote, na kifua kinafunguka. Akangoja. Kisha akaitazama simu.

"Mtandao," akasema.

Akapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, ambako simu inashika vizuri. Akapiga. Akapiga tena. Akaacha ujumbe wa sauti. Ile alama ya tiki ikawa moja, na mpaka leo ni moja.

Jioni alikataa kula. Nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa linanikereketa tangu mchana. "Eliya, katika kumfundisha utani, habari za msibani ulimwambia?"

Nilimwona anarudi kwa mawazo kwenye chumba chao cha ujana, anatafuta.

"Tulikuwa vijana, dada," akasema. "Hakuna aliyefiwa."

Tangu hapo alikuwa na kazi moja, kumpata Mikola amweleze. Alifanya mazoezi ya maneno, nikimsikia kule shambani anasema peke yake kwa Kirusi kati ya matuta. Akaniuliza aanzie wapi, kwenye njia ya babu zetu au kwenye pole. Nikamwambia aanze na pole. Nilikuwa na hasira naye, siwezi kuficha, na nilikuwa na hasira na yule mzungu pia. Miaka yote hiyo umetaniwa, umekula utani wetu ukashiba, leo ulipokuja ule wa maana ndio unamfungia mtu simu? Lakini nilipolala nilimwazia mzee amefiwa na mtoto wake wa pekee, ameshika simu sikioni, na upande wa pili mtu anacheka. Mimi mwenyewe ningeitupa kisimani.

Mwisho akapanda treni kwenda Tabora, nami nikamsindikiza. Martha alikuwa na namba nyingine, ya mezani nyumbani kwa Mikola, akampigia kwa simu ya dukani ambayo kule haijulikani. Ikapokelewa na mwanamke. Alikuwa mama yake Andri. Eliya alivua kofia, kama anayeonekana. Akajitaja.

Yule mama akasema sentensi moja. Eliya akajibu neno moja. Halafu akawa anasikiliza tu, lakini niliona kwamba hakuna anayeongea. Simu ikakatwa.

Martha akamuuliza, "Baba mdogo, amesemaje?"

"Ameniuliza, 'Wewe ndiye yule aliyecheka?'"

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo."

"Ndiyo tu? Na maelezo yote yale?"

Eliya akavaa kofia. "Mikola alikuwa hapo hapo. Nimemsikia anakohoa. Kikohozi chake kile kile." Akasema, "Kuna mtu anamweleza mama aliyefiwa kwa nini alicheka?"

Martha alitaka kupiga tena. Eliya akamkataza. Turudi stesheni, akasema, treni isituache.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Mwaka huu, mihogo ikiwa imeanza kukomaa, amefariki mke wa Amon. Amon ni Mgogo, alikuwa fundi wa njia ya reli, akabaki hapa Kigwa. Alimfuata Eliya mwenyewe, kwa miguu, na uzee ule. Eliya akaenda. Alivaa koti lake. Akakaa kwenye benchi la wanaume, mikono magotini.

Watu walikuwa wanamtazama. Wakina mama walipunguza kulia kabisa, wakijua sasa Mnyamwezi ataanza. Hakuanza. Jeneza likatolewa ndani, hakuanza. Amon akashindwa kuvumilia, akamjia pale kwenye benchi.

"We mpagazi, umekuja kukaa? Huoni huyu mwanamke anatudanganya? Mwambie aamke, wageni hawajapikiwa!"

Alikuwa anamfungulia mlango, jamani. Mfiwa mwenyewe anaanza utani ili mtani apate pa kuingilia. Sijawahi kuona jambo hilo maishani mwangu.

Eliya akasimama. Akamshika Amon mkono kwa mikono yake miwili, akasema polepole kama wanavyosema wageni, "Pole sana, Amon. Pole kwa msiba."

Amon akamtazama, asielewe. Kisha uso ukamlegea wote. "Ina maana kweli amekufa," akasema, akalia kwa sauti, mzee mzima, mpaka watoto wake wakaja kumshika.

Tukazika kimya. Udongo ulisikika wote. Wagogo waliondoka bila kumuaga Eliya, na baiskeli zao haziji tena kwetu.