Stoo Nyuma ya Eksirei

Kazi yangu ni kufunga waifai, na ile hospitali ndogo ya mtaa wa Olympic, hapa Nairobi, niliipima mimi mwenyewe, hatua kwa hatua, simu mkononi. Matroni alinifuata nyuma akiniuliza kama natafuta majini. Nikamwambia natafuta kuta. Mabati, tangi la maji, kabati za chuma, vyote hivyo hula mawimbi. Mbaya kuliko vyote ni chumba cha eksirei: kuta zake zina bamba la risasi, yale madini mazito, ili miale isitoke nje. Basi hata mtandao haupiti.

Nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja. Kwenye ramani kiliandikwa "stoo". Nilikuwa na vifaa vitano vya kurusha mtandao, nikavipanga vyote wodini na ofisini.

"Na hapa?" matroni akauliza.

Nikacheka. "Matroni, mifagio itampigia nani simu?"

Mjinga mimi! Nimezaliwa Kawangware, kwenye ploti ambayo chumba chetu kilikuwa stoo ya mwenye ploti kabla hajapata mpangaji. Watu sita tulilala palipokuwa na simiti na mabomba. Nani anajua zaidi yangu kwamba Nairobi stoo haibaki stoo?

Mwaka uliofuata mama aliugua mapafu. Wodi ilikuwa imejaa, akapewa kitanda kule nyuma ya eksirei, mtungi wa oksijeni kando yake. Ndugu yangu mdogo yuko Saudia. Aliondoka wakiwa wamegombana na mama, na miaka mitatu walikuwa hawajasemezana. Sasa mama alitaka amwone, amwambie yameisha. Hakutaka kitu kingine.

Nikapiga simu ya video nikiwa mlangoni, ikashika. Nikaiingiza ndani haraka. Uso wa ndugu yangu ukaganda, mdomo wazi. Nikaiinua juu, nikaisogeza dirishani, wapi! Hata laini ya kawaida ilikufa mle. Mama akaipokea simu kwa mikono miwili. Alidhani mwanawe amenyamaza kwa aibu.

"Baba, usilie," akaiambia ile picha. "Mimi sina kinyongo na wewe. Siku ile niliongea kwa hasira tu. Rudi wakati wowote, kwenu ni huku."

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilisimama nikiutazama ule ukuta, nikajichukia kabisa.

Niliomba ruhusa, nikakubaliwa nivute waya na kuongeza kifaa Jumatatu. Mama alifariki Jumapili asubuhi.

Ndugu yangu nimemweleza yote aliyosema mama, hata ile "baba". Nimemweleza zaidi ya mara moja. Hunisikiliza mpaka mwisho, kisha husema polepole, "Asante bro, lakini najua unanifariji tu."