Redio ya Rra Ntsimane Ilivyobaki Moraka

Ntsimane namjua tangu tulipochunga mbuzi pamoja, na hata wakati ule shingo yake ilielekea juu. Alitengeneza pampu za visima miaka thelathini. Alipostaafu alinunua redio ya mkononi, akaifungia antena aliyoikata kwenye futi ya chuma ya fundi, akaanza kufuata setilaiti. Akiiambia redio yuko wapi, kioo chake humwonyesha setilaiti itatokea wapi na saa ngapi; yeye huielekezea antena, na kupitia hiyo huongea na watu wa mbali. Faida? Anapenda tu, kama wengine wanavyopenda bao.

Mvua ilipotunyima mwaka wa pili, Rra Mosweu alisema kgotlani, kwenye baraza la kijiji, kwamba chuma kile kinatoboa mawingu. Kgosi, chifu wetu, akakata shauri: Ntsimane aje Jumatano aonyeshe kazi ya chombo chake. Akishindwa, kitafungiwa ofisini.

Tulikuja, kila mtu na kiti chake. Ntsimane alikuwa ameshuka lori alfajiri ileile, akitoka moraka, kambi ya ng'ombe wake, mbali huko kaskazini magharibi. Alisimama katikati kama bwana harusi.

"Saa tatu na dakika nane," alisema, "setilaiti itapita utosini mwetu."

Dakika ya nane ikafika. Antena ikaelekea juu. Redio ikachachatika kama mahindi kikaangoni, basi.

"Labda imeshuka kunywa maji," alisema Rra Mosweu, na watu wakacheka. Kgosi akatazama saa yake.

Mimi sikucheka. Niliinuka. "Rra, redio hiyo uliitumia wapi mara ya mwisho?"

"Moraka, jana."

"Na umeiambia kwamba umerudi?"

Akaguna. Sisi watu wa makao matatu, kijijini, shambani na moraka, hatukosi kitu tulichosahau kwingine. Yeye alijihamisha mwenyewe. Redio bado ilikuwa inapiga hesabu za setilaiti kutoka zizini.

"Mma Gabaake, ungefaa kuwa fundi."

"Geuza antena, inapita."

Akaishusha kuelekea kilima cha kaskazini magharibi, upande wa moraka. Papo hapo sauti ya mwanamke ikatoka, safi kabisa.

"Ntsimane, Aletta hapa, Keetmanshoop, Namibia. Leo umelala?"

Kgosi akainama mbele. "Muulize mvua kwao vipi."

"Tangu jana haijakata," alijibu Aletta. "Kuku wangu nimewaingiza jikoni."

"Naye ana chuma kama hicho?" Kgosi akauliza.

"Kirefu kuliko changu, Kgosi."

Kgosi akamgeukia Rra Mosweu. "Basi huko kimetoboa vizuri."

Kicheko kilichofuata kiliwashtua njiwa juu ya paa. Redio ikarudi mfukoni mwa mwenyewe.

Rra Mosweu alikunja kiti chake taratibu, akajikohoza. "Inapita tena lini?"

"Kesho, saa tatu kasorobo."

"Haya. Umuulize huyo mama mawingu yake yanaelekea wapi."